Mto Ulioachwa Kitini

Suruali uliyovaa, mfuko wake wa nyuma ulishonwa na nani?

Hujui. Mimi pia sikujua, na nilisomea uchumi chuoni, nikaandika kurasa nyingi kuhusu biashara ya dunia, nikavishwa joho na kofia, bila mtu yeyote kuniuliza swali hilo. Sasa najua. Kama ni jinzi iliyouzwa kwanza katika duka la Marekani kabla ya kukufikia ikiwa mtumba, huenda mfuko wa kushoto ulishonwa na Munyiva, jirani yangu katika vyumba vya kupanga, ploti ya Mama Tabitha, Noonkopir, hapa Kitengela.

Nasema wa kushoto kwa sababu wa kulia haukuwa kazi yake. Katika viwanda vya nguo vya EPZ, eneo la viwanda vya kuuza ng'ambo, watu hushona kwa laini. Vipande vya kitambaa huingia mwanzo wa laini, suruali hutoka mwisho wake, na kila aliye katikati ana mshono mmoja tu. Kavutha, rafiki yake Munyiva, alikuwa zipu. Mwingine alikuwa pindo la mguu, mwingine mkanda wa kiuno. Hivyo ndivyo wanavyojitambulisha. Ukimkuta mwanamke wa EPZ kanisani ukamwuliza anafanya kazi gani, atakuambia, "Mimi ni kola," au, "Mimi ni vifungo." Munyiva alikuwa mfuko wa kushoto. Alianza wakati binti yake Sheryl hajaota meno, na Sheryl sasa yuko sekondari, amemzidi mama yake kimo.

Usidhani ni kazi ya mchezo. Nimemwona akinionyesha mezani kwa mikono mitupu, bila kitambaa wala mashine: anakunja, anageuza, anafunga kona, anasukuma kwa mwenzake wa kulia. Mikono ile haikukosea hata alipokuwa akibishana nami kuhusu kwaya yao, ambako yeye ni sauti ya kwanza na hakubali kuambiwa apunguze. Kwao ni upande wa Mwingi. Amemlea Sheryl peke yake. Kicheko chake kikianza, mbwa wa ploti huinuka na kwenda kulala kwingine.

Sheria iliyomleta Kitengela haikutungwa Nairobi. Ilitungwa Washington, na kwa miaka mingi iliruhusu nguo zetu kuingia Marekani bila ushuru. Viwanda vikaja kwa sababu ya sheria hiyo, wanawake wakaja kwa sababu ya viwanda, na nusu ya ploti za mtaa wetu zikajengwa kwa sababu ya wanawake. Tumekaa juu ya saini ya watu ambao hawajui Kitengela iko wapi. Mwisho wa Septemba 2025 muda wa sheria ukaisha. Wabunge wao hawakuiongeza. Hawakuikataa pia, maana walikuwa na ugomvi mwingine wa kwao. Siku iliyofuata, serikali yao yenyewe ikafungwa.

Habari hiyo tuliletewa na Gideon, anayetengeneza simu kwenye kibanda mbele ya ploti. Gideon hajui jina la mwakilishi wa wadi yetu, lakini anajua majimbo ya Marekani na nani alishinda wapi. Tulikuwa kwenye kamba ya nguo, Munyiva akianika.

"Mama Sheryl, mambo imeharibika," alisema. "Serikali ya Amerika imefungwa."

"Serikali inafungwaje?" Munyiva aliuliza, kibanio mdomoni. "Ni kioski?"

"Wameshindwa kuelewana bajeti. Wafanyakazi wengine wako nyumbani."

"Na wale wa kusaini karatasi yetu?"

"Wanabishana. Hiyo karatasi yenu iko chini kabisa."

Mimi nilianza kupandisha sauti. Nilisema huu ni ukoloni, kwamba mtu mmoja akikasirika kule, mama hapa anakosa kazi, na kwamba rais wao alikuwa ameshaweka ushuru mpya juu ya bidhaa zetu hata kabla sheria haijaisha.

"Wacha mzee wa watu," Gideon alinikata. "Yeye aliambia watu wake, nitafanya hivi, na akafanya. Wako alikuahidi nini akafanya?"

"Anafanyia Munyiva nini?"

"Munyiva alimpigia kura? Kila mtu anachunga ng'ombe zake, boss."

Mama Tabitha, mwenye ploti, alikuwa amekuja kuangalia tangi la maji. Ni Mmaasai, mbuzi wake wako Bisil kwa mwanawe. Alimsalimu Munyiva kwa Kimaasai, "Takwenya," na Munyiva akaitikia, "Iko," kama alivyofundishwa siku ya kwanza aliyohamia hapa. Kisha Mama Tabitha akatutazama sote.

"Sisi tunangoja mvua," alisema, "nyinyi mnangoja Amerika. Mvua hata kama haitanyesha, tunaona mawingu. Nyinyi mnaangalia wapi?"

Munyiva aliinamia beseni, akaendelea kuanika.

Wiki ile ile laini ya Munyiva ilisimamishwa. Supavaiza wao, Evalyne, mwanamke mrefu anayeogopwa na kupendwa kwa kipimo kimoja, alipanda juu ya sanduku la nyuzi na kuwaambia hawajafutwa.

"Hii ni likizo. Hakuna oda mpaka Amerika wasaini. Wakisaini, tunaita watu."

"Na wasiposaini?" Kavutha aliuliza.

"Kavutha, wewe unapenda kutangulia shida. Watasaini. Ama watavaa nini?"

Munyiva alinisimulia hayo huku akicheka, hasa hilo la watavaa nini. Lakini kuna jambo alilolifanya siku hiyo ambalo hakulisimulia kwa kicheko.

Stuli za kiwandani ni za mbao ngumu, na kila mwanamke hujitengenezea mto wa kukalia. Wa Munyiva una jinzi upande mmoja na leso kuukuu ya mama yake upande wa pili, na ndani umejazwa mabaki ya vitambaa yaliyofagiwa sakafuni. Ubavuni ameushonea mfuko, wa kushoto bila shaka, wa kutilia njugu za kutafuna. Sasa, laini ina desturi ambayo haikuandikwa popote: stuli yenye mto wa mtu ni ya mtu huyo. Kavutha alipokwenda kujifungua, mto wake ulibaki, na msichana aliyeletwa kushika zipu alikalia mbao za stuli nyingine muda wote, akilalamika mgongo. Hakuna aliyemwambia asiuguse ule mto. Alijua tu.

Kwa hiyo siku ya likizo, wanawake walivua aproni wakaondoka nazo, lakini mito wakaiacha juu ya stuli. Laini nzima. Ilikuwa njia yao ya kumwambia mwenye kiwanda, na Washington, kwamba tunarudi. Ni Kavutha peke yake aliyebeba wake, na walimsema njia nzima ya kwenda nyumbani.

"Huna imani," Munyiva alimwambia.

"Niko na imani, na pia niko na kiti cha mbao kwa nyumba."

Baada ya hapo Munyiva akaanza kwenda getini kila asubuhi. Kulikuwa na uvumi kwamba oda ndogo ikipatikana, wataitwa walio karibu. Alivaa aproni yake ya samawati, akavuka barabara na wenzake kama siku ya kazi, akaketi kwenye mawe nje ya ukuta. Walisuka nywele, walichambua mchele, waliombeana. Adhuhuri ikifika walirudi. Alinieleza kwamba akikaza macho kupitia upenyo wa geti anaweza kuona dirisha la laini yao, na nyuma ya dirisha hilo, mto wake.

"Unauona kweli?" nilimwuliza.

"Siuoni. Lakini najua uko hapo."

Hilo lilinichoma. Nilitengeneza bango na kwenda nalo getini: KAZI ZETU SI MCHEZO WA WASHINGTON. Wanawake walinishangilia, wakapiga picha nami. Bawabu alilisoma bango polepole mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa upole, "Kijana, sasa hii unasomea nani? Mwenye kiwanda pia analia." Nililiteremsha bango. Adui yangu alikuwa upande wa pili wa dunia na ofisi yake ilikuwa imefungwa.

Nikaenda mjini Kajiado, kwenye ofisi moja ya serikali, pamoja na Munyiva. Tulikaa kwenye benchi mpaka kivuli kikatuhama. Afisa alitusikiliza vizuri, nakiri. Halafu akasema kiwanda kiko ng'ambo ya mpaka wa kaunti, kwa hivyo hakiko chini yake.

"Lakini mama huyu analala Kitengela," nilisema. "Kitengela ni Kajiado."

"Kulala ni Kajiado," alikubali. "Kazi ni Machakos. Na mambo ya ushuru ni ya serikali kuu. Na serikali kuu, unajua mwenyewe, inangoja Amerika."

Munyiva alisimama, akamshukuru, akamwombea baraka. Nje nilimwuliza anamshukuru kwa nini.

"Ametupatia kiti, Allan. Wengine hata kiti hawana."

Basi nikaamua kwamba ikiwa ulimwengu hautusikii, tutajifanyia wenyewe. Nisomee uchumi niwe wa kubeba mabango tu? Niliwakusanya Munyiva, Kavutha na wenzao watatu. Niliwaambia wao ndio wenye ujuzi. Marekani ina soko tu, mikono ni yenu. Tutashona suruali zetu, zenye jina letu, tuziuze Bisil siku ya mnada wa mifugo. Vijana wachungaji siku hizi wanavaa jinzi, na wanavaa mitumba ambayo ni nyinyi mliishona! Inatoka hapa, inavaliwa Amerika mpaka inachoka, halafu inarudi hapa kuuzwa kwetu! Nilikuwa nimesimama juu ya kiti. Walipiga makofi. Sheryl alitafuta jina, Mama Tabitha akatoa chumba kisicho na mpangaji, na kanisa likatuazima mashine mbili za kushonea.

Tatizo lilikuwa siku. Mashine za kanisa zilipatikana Alhamisi tu, na Munyiva hakutaka kukosa geti.

"Siku moja tu, Mama Sheryl," nilimsihi. "Geti halitahama."

Alifikiri sana. Alitazama aproni yake iliyokuwa msumarini. Kisha akasema, "Haya."

Alhamisi hiyo niliwaletea kitambaa cha jinzi nilichokinunua Eastleigh, nikakikunjua juu ya meza kama bendera. Wanawake watano wakakizunguka. Wakakitazama. Kavutha akakigusa.

"Kimekatwa?" aliuliza.

"Hapana. Si mnakata nyinyi?"

Walitazamana. Waliokuwa wakikata kiwandani walikuwa wanaume wa chumba kingine, wenye mashine ya msumeno. Hakuna hata mmoja wa hawa watano aliyewahi kukata suruali. Tukachukua suruali yangu kuukuu, tukaifumua, tukaiweka juu ya kitambaa na kuifuatisha kwa chaki. Baadaye ndipo tulipogundua kwamba kati yetu tulikuwa na mfuko wa kushoto, zipu, vitanzi vya mkanda, na mapindo mawili ya mguu. Hapakuwa na mtu wa kiuno. Hapakuwa na mtu wa kuunganisha miguu.

"Nani alikuwa anaunganisha miguu?" nilimwuliza Munyiva.

"Ni Seleyian, yule wa Isinya. Na sijui alikuwa anafanya aje. Mimi nilikuwa naangalia mfuko wangu."

Walijaribu. Jasho liliwatoka. Ilipofika alasiri suruali ilikuwa imekamilika, na Gideon akaitwa aijaribu. Aliingia nayo nyuma ya pazia, akakaa huko kwa muda, akatoka akitembea kama ngamia mgonjwa. Mguu mmoja ulijipinda kuelekea nyuma. Kiuno kilimfika kifuani upande mmoja.

"Hii suruali," alisema, "mguu mmoja unaenda Namanga, mwingine unarudi Ngong."

Kavutha aliketi sakafuni kwa kucheka. Mama Tabitha alijifunika uso kwa shuka. Gideon akageuka ili tuone nyuma, na hapo, katikati ya ule uharibifu wote, palikuwa na mfuko wa kushoto uliokaa sawa kabisa, mishono miwili ikifuatana kama reli. Munyiva naye alicheka mpaka machozi yakamtoka, akaendelea kuyafuta hata baada ya wengine kunyamaza.

"Allan," alisema, "umetukosea kidogo. Ulidhani sisi ni mafundi wa nguo. Sisi ni laini. Ukitoa mmoja mmoja, hakuna kitu hapa."

Nilimwambia tutajifunza. Nilisema kila kitu kina mwanzo, kwamba wiki ijayo tutamtafuta huyo Seleyian, kwamba hata wale wenye viwanda waliwahi kushona suruali mbaya. Niliamini, na naamini bado. Lakini kitambaa kilikuwa kimekwisha, na mashine za kanisa zilikuwa zinasubiriwa.

Wale wenzao watatu wakarudi makwao. Kavutha alipitia dukani kununua unga, kisha akarudi mbio bila unga. Alitukuta mlangoni kwa Munyiva, wakati majirani wakiwasha majiko.

"Wameita watu leo," alisema.

Munyiva aliweka chini sufuria aliyokuwa ameishika. "Wameita nani?"

"Wale walikuwa kwa geti. Nimeambiwa na mmoja aliachwa. Evalyne alitoka mwenyewe, akachagua."

"Aliita mifuko?"

"Hakuuliza mtu ni mfuko ama ni zipu. Alichukua wale wako na miili ya nguvu. Wakanyang'anywa simu mlangoni, na mpaka sasa hawajarudi."

"Oda imekuja," Munyiva alisema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Oda imekuja, na mimi nilikuwa hapa."

Hakunitazama. Ingekuwa afadhali angenitukana. Nilisema huenda si oda, huenda ni usafi tu. Nilisema Bunge lao halijasaini kitu, Gideon angekuwa amesikia. Gideon, aliyekuwa amebaki na ile suruali mkononi, alitikisa kichwa kwamba hakuna kilichosainiwa.

"Lakini mto wangu uko kwa stuli," Munyiva alisema, sasa akimwambia Kavutha. "Hata kama wameita mtu mwingine wa mfuko, hawezi kukalia. Si ndio?"

"Ndio," Kavutha alisema. "Mto uko."

Sheryl alichukua sufuria akaendelea kupika. Munyiva alifua aproni yake, ingawa ilikuwa safi.

Asubuhi yake nilikwenda naye. Aproni ilikuwa haijakauka vizuri, akaivaa hivyo hivyo. Wanawake walikuwa wengi kuliko siku zote, maana habari ya kuitwa ilikuwa imevuka Kitengela nzima, na waliokuwa wameacha kuja walirudi. Waliponiona hawakunishangilia. Munyiva alisukuma mpaka akafika mbele kabisa, akashika chuma cha geti.

Geti lilifunguliwa. Lililotoka kwanza ni lori, limefungwa turubai, na pale turubai ilipoachia niliona mashine za kushonea, moja juu ya nyingine, zimezungushiwa plastiki. Nyuma yake likatoka la pili. Juu ya shehena walikaa baadhi ya wale wanawake wenye nguvu walioitwa jana, vumbi usoni, hawakutupungia mkono. Malori yakakata kona kuelekea barabara ya Mombasa. Mmoja wa kina mama aliuliza zinapelekwa wapi, na bawabu akasema alisikia ni nchi nyingine, ambayo ushuru wake kule Amerika ni mdogo kuliko wetu.

Kisha bawabu akarudi ndani, akatoka akisukuma mkokoteni. Ulikuwa umejaa mito. Ya leso, ya jinzi, ya magunia, ya sweta za watoto. Akaimwaga chini mbele ya geti, akasema samahani kina mama, kila mtu achukue yake, akafunga.

Wanawake walisogea. Waliinama, wakaanza kutafuta. Mtu akiona wa jirani yake alimpitishia mkono kwa mkono, upande wa kulia, kama walivyokuwa wakipitisha kazi. Munyiva aliupata wake karibu na chini. Aliukung'uta vumbi, akatia vidole kwenye ule mfuko, akatoa njugu chache za siku ya mwisho ya kazi. Akamgawia Kavutha. Akauweka mto juu ya jiwe, akaukalia, uso kwenye geti.

Evalyne alikuwa ametoka kwa mlango mdogo wa pembeni, hana kitambulisho chake shingoni. Naye alikuwa akitafuta wake. Aligeuza mito iliyobaki, akaigeuza tena, haukuwepo. Munyiva alimtazama kwa muda. Kisha akasogea, akamwachia nusu ya mto, na supavaiza akaketi.